Ncha Haidanganyi: Kutatua Matatizo ya Mwanzo ya Upanga Mnyoofu wa Kichina

Mtu anayejifunza jian, ule upanga mnyoofu wa Kichina wenye makali pande mbili, huja na lalamiko moja lenye sura nyingi: ncha haimtii. Inatetemeka, inalala, inachelewa, au inamgonga goti mwenyewe. Basi hurekebisha pale anapoliona kosa, kwenye ncha, na baada ya wiki mbili kosa limerudi palepale.

Mwongozo huu nimeupanga kwa malalamiko, jinsi wanafunzi wanavyoyaleta. Majibu yangu karibu yote yanaelekea upande mmoja. Ukiona kosa kwenye ncha, litafute kiganjani. Usipolipata kiganjani, panda begani. Usipolipata huko, shuka mpaka kisiginoni. Jian ni ndefu na nyepesi. Kosa dogo la mwili likisafiri urefu wote ule hufika mwisho likiwa kubwa. Wachina wana msemo kwamba dao, yaani upanga uliopinda wenye makali upande mmoja, hutaka siku mia, mkuki siku elfu, na jian siku elfu kumi. Sidhani kama msemo huo unakusudia kumkatisha mtu tamaa. Unamwambia tu kwamba kazi iko kwenye vitu vidogo.

Kwanza pima upanga, kisha ujipime

Kabla ya kujilaumu, hakikisha kosa si la chombo. Kipimo cha urefu kinachotumika kwenye kanuni za mashindano ya wushu, yaani sanaa za mapigano za Kichina, hakihitaji tepu. Simama wima, shika jian kinyume kwa mkono wa kushoto, mkono ukining'inia, upanga ukilala nyuma ya mkono na ncha ikitazama juu. Ncha isiwe chini ya sehemu ya juu ya sikio lako. Ikiishia begani, umenunua upanga wa mtoto, na kila utakachochoma kitakuwa mbali nawe.

Uzito ndio unaowapotosha wengi. Watu huamini kwamba upanga mzito hujenga mkono, wakanunua pambo la ukutani la kilo moja na nusu. Kanuni za mashindano huweka uzito wa chini kabisa kuwa gramu 600 kwa wanaume wazima na 500 kwa wanawake, na jian nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa matumizi ya kweli zina gramu kati ya 700 na 900. Hata upanga wa Goujian, mfalme wa Yue, dola moja la kale la China, ule wa shaba nyeusi uliochimbuliwa mkoani Hubei mwaka 1965 ukiwa bado na makali, haufiki kilo moja. Wafalme hawakubeba mizigo, nawe usibebe.

Halafu kuna wembamba. Jian nyingi za maonyesho hutengenezwa kwa chuma chembamba kama bati ili zilie zikitikiswa. Ukiwa na upanga wa namna hiyo, ncha itatetemeka hata ukiwa umefanya kila kitu sawasawa. Rudia tendo lilelile kwa jian ya mbao. Mtetemeko ukiisha, kosa ni la bati. Ukibaki, endelea kusoma.

Mwisho, usalama. Shika mpini, gonga ubapa wa upanga kwa kiganja cha mkono wa pili, usikilize. Ukisikia kitu kinacheza ndani ya mpini, usiuzungushe upanga huo hata mara moja. Panga nyingi za bei nafuu zimefungwa kwa nati kwenye kitako cha mpini, nayo hulegea taratibu bila kukuarifu. Niliwahi kuona jian ikiuacha mpini mkononi mwa mtu na kuruka hatua kadhaa mbele yake. Uwanja ulikuwa mtupu, ndiyo salama yetu. Tangu siku hiyo hakuna anayeanza mazoezi kwangu kabla ya kugonga na kusikiliza, na miezi ya kwanza yote ni ya mbao.

"Kifundo cha mkono kinaniuma"

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na kwa watu wa kwetu lina chanzo kinachojulikana: mkono wa panga. Wengi wetu tulishika panga la kufyekea tukiwa wadogo. Panga ni zito mbele, linataka ngumi iliyofumbwa na pigo linaloanzia kwenye kiwiko. Mkono ukishazoea hivyo, ukipewa jian huikamata vilevile: vidole vyote vitano vimekaza, gumba limelala juu ya vingine, kifundo kimefungwa kama kilichopigwa plasta. Ukifyeka nyasi hivyo huumii. Ukizungusha jian mara mia mbili hivyo utaumia, kwa sababu jian hugeuzwa na kifundo, na kifundo kilichobanwa na misuli hakigeuki, kinasagika.

Kipimo ni hiki. Nyosha jian mbele usawa wa bega, kisha inua kidole cha pete na kidole cha mwisho viachane na mpini, bila ncha kusogea. Ukiweza, mshiko wako ni mzima. Ncha ikianguka, maana yake vidole hivyo viwili vya mwisho ndivyo vilivyokuwa vinaubeba upanga, na hiyo si kazi yao. Wanaoshika ni gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati. Viwili vya mwisho hufuata, hufunga pale pigo linapofika, kisha hulegea tena mara moja.

Mshiko wenyewe haubaki mmoja. Wachina huipa mishiko majina: uko wa kujaa, uko wa koleo, na mingine. Unapopasua kutoka juu, kiganja hujaa zaidi. Unapoishusha ncha ining'inie ili kuuepusha upanga wa mwenzako, gumba na kidole cha shahada hubana kama koleo na vingine karibu vinaachia. Anayeng'ang'ania mshiko mmoja toka mwanzo hadi mwisho hulazimika kulipia tofauti hiyo kwa kifundo.

Mwanafunzi wangu mmoja, fundi cherehani, alihangaika na jambo hili miezi mitatu. Nilimweleza kwa maneno yote niliyokuwa nayo, wapi. Siku moja nikapita kibandani kwake nikamkuta anashona kanzu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya kitambaa, vidole vitatu vikikiongoza kwenda kwenye sindano, viwili vya mwisho vimeelea hewani. Hakukivuta wala hakukisukuma, lakini kitambaa kilikwenda pale tu alipotaka. Nikamwambia, "Fundi, ishike jian hivyohivyo." Akautazama mkono wake kama anauona leo. "Kumbe mwalimu ulikuwa unataka hiki?" Jioni ile, kwa mara ya kwanza, ncha yake ilitulia.

Kama huna mfano wa namna hiyo mkononi mwako, chukua mwiko wa jikoni. Moja ya matendo ya msingi ya jian huitwa jiao, na maana yake ni kukoroga. Nyosha mkono, ncha ya mwiko ichore duara la ukubwa wa mdomo wa kikombe, bega na kiwiko vikiwa vimetulia. Dakika tatu upande wa kulia, tatu wa kushoto, kila siku. Duara likianza kuwa yai, umekaza. Legeza, uendelee.

Maumivu yakibaki hata mkono ukiwa umepumzika, au vidole vikafa ganzi, acha mazoezi uende hospitali. Hapo si suala la mshiko tena.

"Nikichoma, ncha inatetemeka mwishoni"

Kuchoma, ambako Wachina hukuita ci, ndiko roho ya jian. Mkono na upanga huwa mstari mmoja na nguvu hufika kwenye ncha. Mstari huo ukiwa mzima, ncha hufika na kunyamaza. Ukitetemeka, sababu ziko tatu, nazo ninazitaja kwa wingi wa kutokea kwake.

Ya kwanza na kubwa: mkono umefika kabla ya mguu. Mwanafunzi ananyosha mkono, kisha mguu wa mbele unatua baadaye kidogo. Kishindo cha kutua kinapanda gotini, kiunoni, begani, kikamalizikia kwenye ncha. Yeye anaitazama ncha na kuulaumu mkono. Mwombe mtu akurekodi kwa simu kutoka ubavuni, utazame picha polepole. Utaona upanga umeshanyooka huku kisigino bado kiko hewani. Katika mfululizo wa taiji, ile sanaa ya mapigano ya Kichina inayofanywa polepole, Wachina husema mkono ufike, mguu ufike, yaani kwa wakati mmoja. Namna ya kurekebisha: choma mara ishirini ukiwa umesimama palepale, nyayo hazisogei. Kisha piga hatua ishirini bila kuchoma, upanga ukiwa pembeni ya kiuno, ukiusikiliza mguu unavyotua. Utue kwa kisigino, uzito ufuate. Ndipo uviunganishe, polepole kuliko unavyodhani inafaa.

Ya pili: bega limepanda. Kiwiko kikinyoshwa mpaka kikajifunga, bega hupanda lenyewe karibu na sikio, na mstari unavunjika hapo. Acha kiwiko kibaki na mkunjo mdogo usioonekana kwa mbali. Hapo fupa la bega litashuka mgongoni na utahisi upanga umekuwa mwepesi ghafla. Hisia hiyo ikikujia, ikumbuke vizuri. Ni mwalimu bora kuliko mimi.

Ya tatu: unaizuia ncha kwa nguvu badala ya kuiacha ifike. Tundika jani la mwembe kwa uzi, usawa wa kifua. Choma mpaka ncha iliguse jani bila kulipita. Jani likibembea mbele na nyuma, umefika sawa. Likizunguka, ncha ilikuja kwa mchepuko. Likiruka juu, uliinyanyua dakika ya mwisho kwa kifundo. Jani hili lilinifundisha mengi kuliko kioo, maana kioo kinaonyesha umbo tu, na mtu hujipendelea akijitazama.

"Upanga unakata hewa kwa ubapa"

Hapa watu hawajui kwamba wanakosea, kwa sababu kwa macho kila kitu kinaonekana sawa. Upanga umepanda, upanga umeshuka. Lakini kama makali hayakai kwenye njia ileile upanga unayosafiri, kilichofika ni ubapa, na ubapa ungempiga mtu kofi tu.

Kwa jian ngumu unaweza kusikia: makali yakinyooka, hewa hulia filimbi fupi safi, yakipinda, sauti huwa ya kufoka. Kwa jian ya mbao sauti ni hafifu. Anayekaa pwani ana kipimo kizuri zaidi. Ingia baharini mpaka maji yafike kiunoni, ukiwa na ubao mwembamba wenye upana wa jian (usiichukue jian yako ya mbao, itapinda). Pasua maji kutoka juu kwenda chini, kisha pandisha kutoka nyuma kwenda mbele. Ubao ukiingia kwa ukingo utapita kama samaki. Ukiingia kwa ubapa, maji yatakushika mkono. Hakuna ubishi tena.

Chanzo mara nyingi ni mkono wa chini, kati ya kiwiko na kifundo, kutogeuka kwa wakati. Kosa huonekana zaidi kwenye liao, tendo la kukata kwa kupandisha: upanga hutoka nyuma, hupita karibu na mguu, hupanda mbele. Wengi huupandisha kiganja kikiwa bado kinatazama mguu. Geuza kiganja kitazame juu kabla upanga haujalipita goti, na makali yatajipanga yenyewe.

Chanzo cha pili ni mpini wa mviringo, ambao hauuambii mkono makali yako wapi. Funga uzi mnene au kamba nyembamba kwenye mpini, kwenye mstari wa ubapa, pale gumba linapokaa. Baada ya mwezi unaweza kuuondoa.

"Mwalimu anasema ninadonoa, mimi najua nimepasua"

Haya mawili hukanganya kwa sababu yote yanaishia na ncha chini. Katika kupasua, pi, mkono wote unashuka na upanga ukiwa mstari mmoja nao, na nguvu iko kwenye makali. Katika kudonoa, dian, mkono haushuki: kifundo kinapanda, na ncha inashuka kama mdomo wa kuku kwenye punje. Kama kifundo chako hakikupanda, hukudonoa. Lipo na ndugu yao wa tatu, beng, ambako kifundo kinazama na ncha inaruka juu. Fanya dian na beng kwa kupokezana, hamsini kwa hamsini, na utaacha kuchanganya.

"Upanga unanigonga mwenyewe"

Ukigonga goti au paja wakati wa mizunguko ya pembeni, duara lako limelala. Linapaswa kusimama wima kama gurudumu la baiskeli lililo ubavuni mwako. Simama karibu na ukuta, umbali wa shibiri moja kati ya bega na ukuta, uzungushe jian ya mbao taratibu kati yako na ukuta. Ukigonga ukuta, duara limelalia nje. Ukijigonga mguu, limelalia ndani. Kwa kawaida kiwiko ndicho kilichoganda mbavuni. Kipe nafasi ya ngumi moja.

Kama kinachokusumbua ni kishada, zile nyuzi zinazoning'inia kwenye kitako cha mpini, kuzingira kifundo, kikate. Kishada kirefu ni somo lake, lenye mbinu zake, na wanaolifundisha hulifundisha baada ya msingi kusimama. Mwanzoni kinakuficha makosa, kwa kuwa kinapendeza hata mkono ukiwa umekosea.

"Nayumba"

Sasa tumefika chini, na hapa ndipo ningependa kila mtu aanzie. Chukua chaki, chora mstari mrefu sakafuni. Ingia kwenye mkao wa upinde, gongbu, goti la mbele limekunjwa na mguu wa nyuma umenyooka bila kujifunga, ukiwa umeuelekea mstari. Tazama nyayo zako. Zikiwa zote mbili juu ya mstari, umesimama kama mtu anayetembea juu ya kamba, na hakuna mshiko wala bega litakalokuokoa. Kila wayo uwe upande wake wa mstari, nafasi kati ya visigino, ukipima kwa upana, iwe kati ya sentimita 10 na 30. Wenye nyonga pana wahitaji zaidi. Ni marekebisho madogo, lakini nimeona watu waliopambana na ncha inayotangatanga kwa nusu mwaka wakitulia siku hiyohiyo.

Kisha tazama goti la mbele. Liende kule vidole vya mguu vinakoelekea. Likiangukia ndani, unaliumiza, na kiuno hakiwezi kugeuka. Unyayo wa nyuma nao usiache kisigino kikapanda wakati wa kuchoma. Nguvu ya kuchoma inatoka hapo, na kisigino kikipanda inamwagika kabla haijafika popote.

Nusu ya kuyumba iko kwenye mkono usio na upanga. Mkono wa kushoto hufanya vidole vya upanga: kidole cha shahada na cha kati vimenyooka pamoja, gumba limebana kucha za vile viwili vingine. Wanafunzi huudhani ni urembo, wakauacha unaning'inia kama mkono wa shati. Jaribu hivi. Choma mara tano ukiwa umeuweka mkono wa kushoto mgongoni, kisha mara tano ukiwa umeufungua juu na nyuma kulinganisha na wa kulia. Mara ya kwanza kifua kitavutwa kulia na ncha itafuata. Mara ya pili mgongo utafunguka pande zote mbili kama mizani yenye vitu sawa. Wanaotumia mkono wa kushoto huuliza wafanyeje: mafunzo ya pamoja huenda kwa mkono wa kulia, lakini matendo ya msingi yafanye kwa mikono yote miwili, na utakuta mkono dhaifu unaufundisha ule wenye nguvu.

Kusimama kwa mguu mmoja nako kuna siri moja tu ninayoijua: usitafute uthabiti kwa vidole vya mguu kung'ang'ania ardhi. Tanua wayo, tazama mbali kuliko ncha, na goti lililoinuliwa lipande kwa nyonga, si kwa kuvutwa na kiwiliwili.

"Tendo mojamoja naliweza, mfululizo unanivuruga"

Mwaka 1957 Kamati ya Michezo ya serikali ya China ilitoa mfululizo wa harakati 32 za upanga wa taiji, kazi iliyofanywa hasa na Li Tianji kutokana na mtindo wa Yang, mmoja wa mitindo ya taiji. Ulikusudiwa kwa watu wa kawaida, na leo ni mlango ambao watu wengi duniani wameingilia kwenye jian. Kwa sababu umefupishwa na kupangwa vizuri, watu huudhani ni rahisi, wakaukariri wote kabla ya kuwa na msingi. Ndipo unapowavuruga.

Tazama ulivyojengwa. Ni makundi manne ya harakati nane nane. Harakati ya kwanza kabisa, baada ya kufungua, ni kudonoa nyayo zikiwa pamoja. Ya pili ni kuchoma kinyume ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Ya tatu ni kushuka chini kwenye mkao wa kuchuchumaa, mguu mmoja umenyoshwa, huku upanga ukifagia. Ya sita unapasua kwa mguu mmoja tena, na ya nane unachoma kwenda juu kwa mguu mmoja. Mara tatu katika nane za mwanzo uzito wako wote uko juu ya wayo mmoja. Mtu asiyeweza kudonoa wala kusimama kwa mguu mmoja ameshindwa tangu sentensi ya kwanza, na kinachofuata chote ni kujikusanya baada ya kujikwaa.

Kwa hiyo usiukimbilie mwisho. Chukua kundi la kwanza peke yake. Kila harakati ifanye mara kumi ikiwa imesimama yenyewe, kisha ziunganishe mbilimbili: ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu. Utagundua kwamba kuvurugika hakutokei ndani ya harakati, kunatokea katikati yake, pale uzito unapohama. Hama uzito kwanza, wayo ukiwa umekubali, ndipo upanga uondoke. Ikikuchukua miezi miwili kwa harakati nane, hujachelewa.

Pumzi: ukijikuta umeizuia, umekwenda haraka mno. Punguza mwendo tu, hakuna zaidi.

"Mwenzangu akiugusa upanga wangu, unaondoka"

Mazoezi ya wawili si ziada. Li Jinglin, jenerali aliyejulikana sana kwa mtindo wa upanga uitwao Wudang na aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa chuo cha kitaifa cha sanaa za mapigano kilichoanzishwa Nanjing mwaka 1928, alirithisha mazoezi ya watu wawili kama sehemu ya msingi. Li Yulin, baba yake Li Tianji, alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Mwenzako atakuonyesha kwa pigo moja kosa ambalo mwaka mzima wa peke yako ungelificha.

Upanga wako ukiondoka kwa urahisi, uliupokea wake kwa sehemu isiyofaa. Jian hugawanywa mara tatu. Theluthi ya mbele ni ya kuchoma na kukata. Ni nyepesi na kali, na haina nguvu ya kuzuia. Theluthi iliyo karibu na mpini ndiyo inayopokea. Ni kanuni ya wenzo: pigo likitua mbali na mkono wako, mwenzako anakushinda kwa nguvu ya kidole. Usogeze mkono ukutane naye karibu na kikingio, kile kipande kati ya upanga na mpini kinachokinga mkono, kwa ubapa, si makali kwa makali, kwani makali yakigongana huvunjika meno. Na usisimame mbele yake. Hatua ndogo ya pembeni hufanya nusu ya kazi, na upanga unabaki na kazi ya kuelekeza tu, kama mkono unavyosogeza pazia.

Mbao tu, kinga ya macho na uso kwa wote wawili, na makubaliano ya mwendo kabla ya kuanza.

"Haitoki kwenye ala, na ina madoa"

Madoa ni jasho la vidole na hewa ya chumvi. Anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja hana haja ya maelezo. Kila chuma anakijua kinavyoisha. Baada ya mazoezi futa upanga kwa kitambaa kikavu kuanzia kikingio kwenda kwenye ncha, usirudi nyuma, kisha paka mafuta ya cherehani kwa utando mwembamba ambao hauonekani. Fundi wangu ndiye aliyeleta kichupa cha kwanza, na hatujatumia kingine tangu hapo. Usiihifadhi jian ndani ya ala muda mrefu. Mbao huvuta unyevu na kuutunza dhidi ya chuma.

Msimu wa masika ala ya mbao huvimba na kuubana upanga. Usiuchomoe kwa nguvu ya ghafla. Weka ala kivulini penye upepo siku mbili tatu, kisha jaribu tena. Na unapochomoa, wakati wowote, mkono unaoshika ala ukae kwenye ubapa wake: gumba upande mmoja, vidole upande wa pili, hakuna kidole kinachovuka pale mbao mbili zinapokutana. Makali yako pale ndani, pande zote mbili, na ala iliyochoka ikipasuka kwenye maungio yatatokea hapo.